Kwa Mama Yetu Masouda, Aliyewaita Wote Jaspa

Mwaka umetuzungukia, Mama, tangu asubuhi ile uliyoomba maji ya mtungi, ukapiga mafunda mawili, ukasema "Alhamdulillahi," ukajilaza na kanga yako usoni. Tulidhani umelala. Kijiji chote cha Sidab kilikuwa kimya kwa joto, hata kuku hawakusikika, nasi tukatembea kwa ncha za vidole tusikuamshe.

Ulifika hapa, kando ya Maskati, mwaka wa sitini na nne, kutoka Unguja, na sanduku moja la bati na mikono yako. Mikono ilitosha. Haukupita muda ikawa hazaliwi mtoto Sidab ila umeitwa wewe. Ulikwenda na mafuta yako ya nazi, ubani, na ile sauti yako ya chini. Mzazi akikusikia tu mlangoni, hushusha pumzi.

Kila mtoto wa kiume ulimwita Jaspa. Mtoto hupewa jina lake siku ya saba, basi zile siku za kungoja ulimvika lako. "Karibu, Jaspa. Umekuja na joto, lakini karibu." Siku ya saba baba hutaja jina, nawe hujitoa polepole. Lakini mama zao walikuwa wamekwisha kulizoea lako. Ijumaa moja jirani yetu Hamdiya aliita "Jaspa!" uchochoroni, wakatoka watoto tisa na mwana wa mbuzi mmoja. Watu wa Maskati walidhani ni jina la kabila.

Yaarub, mwana wa kaka yako, alipopata ukarani katika kampuni ya mafuta, alimuuliza Mngereza mmoja wa pale ofisini. Yule bwana alicheka. Akasema hata kwao jina hilo ni la nadra, katika skuli yake hakuwapo hata mmoja aliyekuwa nalo. Tena asili yake si Uingereza. Wazee wao walilipokea kutoka Uajemi, na maana yake ni mtunza hazina. Yaarub alirudi mbio kukuhadithia. Ulikuwa ukipepeta mchele, mikono ikasimama juu ya ungo.

"Kumbe limetoka huku huku," ulisema. "Likaenda kukaa kwa watu miaka mingi, kisha likarudi. Kama sisi."

Lakini wewe ulilipata wapi, hukutwambia. Tulikuja kujua mwaka wa sitini na nane, mwanao Kheiria alipojifungua mtoto wa miezi saba, mdogo wa kuenea viganjani. Mumewe, Thani, alisimama mlangoni kabla hujafungua kinywa.

"Mama, nakuheshimu. Lakini mwanangu asiitwe jina la Kingereza, hata kwa siku moja."

"Vyema, mwanangu," ulijibu.

Siku mbili ulimpangusa kwa kitambaa cha maji, ukamdondoshea maziwa kwa pamba, bila ya neno. Hakunyonya. Siku ya tatu Thani alirudi kutoka msikitini adhuhuri akakukuta umekaa kizingitini.

"Mama, mbona husemi naye?"

"Niseme na nani, Thani? Hana wa kuitwa."

Kisha ukamwambia, na Kheiria akisikia kutoka kitandani. "Mimi nna wanangu wawili wa kiume wamelala Unguja. Mmoja aliishi siku tatu, mwengine siku tano. Sikuwaita hata mara moja, nangojea siku ya saba. Wa pili alipokwenda, maziwa yalinijaa kifuani. Pale mtaani Vuga palikuwa na bibi wa Kingereza mgonjwa, na mtoto wake analia njaa. Wakanitafuta. Nikamnyonyesha mwaka na nusu, mpaka walipoondoka naye. Huyo ndiye Jaspa. Yeye nilimwita tangu siku ya kwanza, na aliishi."

Thani alivua viatu, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Akasema kwa haya, kama mtu anayejifunza lugha, "Jaspa. Jaspa, baba. Nyonya."

Wewe ulibaki pale pale, umeutazama ukuta. Mtoto hakunyonya saa ile. Alinyonya alasiri, kidogo, na magharibi akazidisha. Siku ya saba baba yake alimwita Ghanim, nawe ukaenda uani ukalia peke yako, ukidhani hatukuoni. Leo Ghanim ana miaka miwili, na hakamatiki kwa mbio.

Juzi tulikaa kuandika majina ya wanaokukumbuka. Yaarub alikuwa amekwisha kuifunga kalamu yake, Thani akamshika mkono.

"Bado mmoja."

"Nani?"

"Jaspa. Amenyonya ziwa la mama yake mke wangu. Ni shemeji yangu. Mwandike pamoja na watoto, usimweke mwisho."

"Lakini hatujui hata kama yu hai."

"Mama naye hakujua," alisema Thani, "na hakuacha kumwita."

Basi tunaokukumbuka, Mama, ni wanao Kheiria na Jaspa, mkweo Thani, Yaarub, mwana wa kaka yako, wajukuu zako Ghanim na Nasriya, na mdogo wako Mahbuba. Haipiti siku ya Mungu bila ya sisi kukutaja, na ndivyo itakavyokuwa muda wote wa uhai wetu.