Kitawi Nyuma ya Bafu

Jumapili, 15 Oktoba 2000
Wangare, rafiki yangu wa kanisani, amekuja na kitawi cha mzeituni kwenye kitambaa chenye maji. Mti wenyewe, wa kwa masista, ulikatwa kupisha ukuta. Basi hiki ndicho cha mwisho! Tumepasua tawi la muthata, mzeituni mwitu wa hapa kwetu, tukakichomeka, tukakaza kwa kipande cha leso yangu. Mahindi yamekauka tena, lakini muthata hata hauna habari. Ndugu yake naye ataweza.

Jumapili, 5 Novemba
Mvua! Na kitawi kimetoa majani mawili, meupe kwa chini. Nimeyatazama hadi chai ikapoa. Mungu ametukumbuka hata sisi wa Yatta.

Jumamosi, 18 Novemba
Nina hasira na sina wa kumpa. Mwaitu, mama mkwe wangu, huchoma kijiti cha muthata na kukisugulia ndani ya kibuyu cha maziwa. Macho yake yamechoka, kwa hiyo mimi humfungia kitambaa kwenye tawi la kukata. Leo amekata lile lenye leso. Kisha amenishukuru — eti nimemchagulia zuri! Nimesema karibu, mwaitu. Maziwa yamenukia vizuri kuliko siku zote. Nimeyanywa jikoni huku nalia.

Jumapili, 19 Novemba
Wangare na mdomo wake. Baada ya misa kaniuliza habari za kitawi mbele ya mwaitu, kaeleza yote. Mwaitu katembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani kanishika mkono hadi nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapomwagikia. Kitawi kimesimama kwenye tope, na leso yake!

"Mama Mbithi, mimi nilichoma hii ya chini pekee. Hii ya juu iko na majani ya mtoto. Sasa nichome mtoto?"

Nimemkumbatia. Hajazoea, akashtuka.

Jumanne, 12 Desemba
Sikukuu ya Jamhuri. Wengine wako uwanjani, sisi tuko na kitawi. Wangare amepita. Anasema majani yanaweza kutoka bila mizizi, kitawi kikila akiba yake tu. Tungoje, na mtu asiking'oe kuangalia. Mwaitu sasa anaoga asubuhi na jioni ili tope lisikauke. Yeye aliyekuwa akinisema kwa kumwaga maji! Leo naona jani jipya — au ni lile la zamani limegeuka? Hata macho yangu siyaamini. Lakini huyu mama nashukuru nimepewa, kitawi kishike au kisishike.

Mbuzi wa jirani wamekata kamba, nawasikia huko kwenye ua. Nimemwita mwaitu aje anywe chai. Ameketi nyuma ya bafu na fimbo. Anasema nimletee huko huko. Na kiti cha pili.