Kila Ombi Lipite Kwangu Kwanza

Shangazi mshauri, shikamoo. Nishike mkono, maana shimo nimelichimba mwenyewe na sina wa kumwambia, mume wangu nikimweleza atacheka mpaka alie. Mimi ni mtu mzima, niko masijala, ofisi ya kutunza na kupeleka mafaili, na kazini wananiita Mama Majalada, jina langu la kuzaliwa sidhani kama wanalijua.

Zamani kazi ilikuwa na raha yake, Shangazi, mtu akitaka likizo anakuja na karatasi yake, anaegemea dirisha langu, tunaulizana watoto hawajambo, mguu wa mama mkwe unaendeleaje, halafu natia faili kwapani napanda nalo ngazi kwa bosi, na mimi ndiye niliyejua kwamba kabla hajanywa chai usimpelekee kitu, na mhasibu na mtu wa stoo wakinuniana napeleka faili huku na huku nachomekea utani mpaka wanasalimiana wenyewe. Ofisi ilikuwa na sauti za watu. Nazikumbuka kila siku.

Sasa tumeletewa mfumo wa kompyuta, mtu anajaza ombi kwenye simu, lenyewe linaenda kwa mkubwa wake, akichelewa linamkumbusha, akibofya limekwisha, na watu wanaokaa mgongo kwa mgongo wanaandikiana ujumbe. Nikaona nitakaa dirishani nasikiliza feni mpaka nistaafu.

Basi binti wa mkataba aliyekuja kuuweka huo mfumo, mpole, ananiita mama, alinikalisha tupange ombi lipite wapi na wapi, akaniuliza, "Mama, na hapa masijala pana hatua gani?" Nikamjibu kila ombi lipite kwangu kwanza, na mwenyewe afike dirishani nimwone ndipo niruhusu liende, huo ndio utaratibu. Haukuwa utaratibu, Shangazi. Nilitaka waje tu. Akaniamini, akaiweka, na kweli wakaja, wengine wananung'unika, lakini wakaja.

Halafu nikashikwa na homa nikalala nyumbani, maombi yote yakakwama kwangu, na moja lilikuwa la dereva wetu aliyetaka kumpeleka mama yake kupasuliwa jicho, ruhusa haikutoka, siku ya hospitali ikapita, na bibi wa watu sasa anasubiri upya. Bosi amewaka, anasema binti hajui kazi, ametengeneza mfumo wa kuchelewesha watu, na kikao cha kumkatia mkataba ni Ijumaa. Alipogombezwa mbele yetu aliniangalia tu, hakunitaja. Baadaye akaja kuniuliza kama homa imeisha. Nikisema ukweli wataona masijala haina kazi, wanipumzishe kabla ya wakati. Nikinyamaza mtoto wa mwenzangu anaondoka. Nifanyeje?

Mama Majalada

JIBU

Marahaba, Mama Majalada. Pole ya homa nakupa, ya hili jingine sikupi.

Kukumbuka si kosa. Hata mimi nilikuwa na mzee wa posta aliyeniletea barua zenu, akikaa kidogo kwenye ngazi kupumzika nikajua mtaa mzima umeamkaje. Siku hizi zinaingia zenyewe kwenye simu, nami sijui mzee yule anaishi wapi. Namkumbuka sana. Lakini mama, wewe ulitamani mazungumzo ukaenda kuwafungia watu njia. Mtu aliyelazimishwa kuja dirishani hajakutembelea, amepanga foleni. Na mzigo wa mwenzio kwako umekuwa kanda la usufi: jicho ni la mama wa dereva, mkataba ni wa binti, wewe unahesabu kiti chako.

Sasa nisikilize. Usingoje Ijumaa. Kesho nenda kwa bosi, na saa zake nzuri unazijua kuliko mimi, umwambie hatua ile uliisema wewe na binti alifuata maneno yako. Binti awepo, asikie kwa masikio yake. Mwambie binti aiondoe hapo hapo. Kisha nenda nyumbani kwa dereva, kwa miguu yako, si kwa ujumbe, ukamwombe radhi yeye na mama yake. Na ukitamani maongezi ya wenzako, inuka kwenye hicho kiti uwafuate kwenye meza zao. Mbona ngazi ulizipanda miaka yote hiyo?

Je, watakupumzisha? Huenda. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Masijala ya leo si ile uliyoanza nayo, na hilo litakuuma ukisema na litakuuma usiposema. Ila tangu mfumo uingie, mtu mmoja alikuja dirishani kwako bila kulazimishwa na hatua yoyote, akauliza tu kama umepona. Huyo ndiye unayetaka kumwacha afukuzwe.