Shangazi Anyesi hayumo kwenye dub

Jumatano, Makambako. Upepo wa leo umeng'oa bati la choo cha jirani ukalitupa kwenye viazi vyake. Mimi mwenyewe nimetulia kama huo upepo. Nimekaa, nimesimama, nimefagia studio ambayo nilikuwa nimeshaifagia, na studio yenyewe ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ndiye niliyeuleta muziki wa house wa kweli katika mji huu, na anayebisha aje. Kidato cha pili sikukimaliza, ila nimekuwa utingo wa malori hadi Lusaka na Lubumbashi, na kwenye klabu za huko nilielimika kuliko darasani. Kiingereza changu ni cha barabarani lakini kinafika ninakokituma.

Leo ujuzi wote huo umenikalia tumboni kama kiporo.

Jumamosi ni send-off ya dada yangu Neema, Njombe mjini. Mama alifariki tukiwa wadogo, tukalelewa na Shangazi Anyesi, dada mkubwa wa baba. Sasa kwenye ukoo wetu mashangazi hawaingii ukumbini kimyakimya kama watu waliopita njia. Wanaingia na zawadi wakicheza, na pale mlangoni kila mmoja anajitaja kuanzia mkubwa: fulani nimefika. Asiyejitaja hajafika, hata kama amekaa meza ya mbele anatafuna kuku.

Mimi nikaleta usasa. Nikasema nitawarekodi mapema ili siku yenyewe wacheze tu, wasihangaike na maiki. Walikuja wote watatu, wakaimba, kila mmoja akataja jina lake. Nikawaahidi remix.

Nikatengeneza dub.

Hapa hata wanaojiita madijei wanadhani ni kitu kimoja. Remix unachukua wimbo wa mtu, unabadilisha ngoma, besi, kinanda, hata mwendo, lakini mwenye wimbo unamwacha ndani. Ukiusikia unasema, aa, huyu fulani, leo kapendeza. Dub ni kutoa. Sauti nje, kinanda nje, inabaki ngoma na besi na nafasi kubwa katikati. Halafu unarudisha kipande kidogo, neno moja tu, unalitupia mwangwi linakwenda linapotea, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde kwenye ukungu. Mtindo ulianzia Jamaika kwenye rege, watu wa house wakauchukua. Santuri moja unaweza kukuta remix upande huu na dub upande wa pili, na dijei anayejua kazi anaigeuza pale watu wanapokuwa wamechoka kuimba na wanataka kucheza tu.

Hayo nayajua. Ndiyo maana najisikia vibaya.

Kipande nilichokibakiza ni jina la Roida, shangazi mdogo. "Roida" ukiliwekea mwangwi linateleza lenyewe juu ya besi, huhitaji hata kulisukuma. Nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp kwa majivuno yote: hii hata Lusaka hawana. Vijana wakashangilia. Roida akaifanya mlio wa simu. Shangazi Suzana, wa katikati, mtu asiye na neno na yeyote, akaweka dole gumba.

Anyesi kimya.

Jana Neema akanipigia analia. Shangazi amesema zawadi ataituma, yeye haji. Na Neema naye anasema hawezi kuingia ukumbini kuagwa wakati aliyemlea amebaki nyumbani. Yaani nimevunja sherehe kwa kutumia besi.

Leo asubuhi nikapanda pikipiki hadi Njombe, spika nimeifunga kifuani ndani ya koti, ukungu umeziba barabara kiasi kwamba misonobari ilikuwa inanitokea kama askari. Nikamkuta Shangazi uani anachambua mbegu za viazi. Nikamsalimu kikwetu, kamwene, akaitikia vizuri. Akanipa chai. Akaniuliza habari za Makambako kwa adabu, kama anamuuliza mgeni aliyetoka ofisi ya kata, na adabu hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikawasha spika, nikaanza mhadhara wangu wa remix na dub, na Jamaika, na Lusaka. Akanisikiliza mpaka mwisho, na wimbo akausikiliza mpaka mwisho.

"Mimi niko wapi humo?"

"Shangazi, kwenye dub sauti zinatolewa. Ndiyo mtindo wenyewe, dunia nzima."

"Roida hajatolewa."

Nikamweleza kwamba jina la Roida linakaa vizuri na ngoma. Akachukua kiazi, akakigeuzageuza, akakiweka upande wa vibovu.

"Sauti yangu ilikuwa mbaya, baba? Niambie tu. Sitalia."

Nikacheka. Nikamwambia sauti yake ni dhahabu, ni mambo ya kitaalamu tu haya. Mdomo huu uliobembeleza askari wa mipaka mpaka lori likapita, ukakosa sentensi moja ya kweli mbele ya mwanamke mwenye kapu la viazi. Nikamaliza chai, nikaondoka.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu ndani ya helmeti.

Ukweli ni huu. Shangazi Anyesi anachelewa. Tangu kifua kilipomsumbua, anavuta pumzi kwanza ndipo aseme jina lake, na linaanguka nyuma ya ngoma, tena linakatika katikati. Nilijaribu kulikata na kulisogeza. Likagonga pale pale ngoma inapogonga, safi kabisa, na halikuwa yeye tena. Lilikuwa kama mtu anayemwigiza. Nikakasirika, nikatoa sauti zote, nikabakiza ile iliyokuwa rahisi, na nikaita mtindo.

Dub yenyewe haina kosa. Naipenda mpaka sasa, ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya, na hilo linaniuma zaidi. Lakini aliyetengeneza dub kwa sababu anataka ile nafasi tupu, na aliyetengeneza dub kwa sababu amekwepa sauti ya mzee, hao ni watu wawili. Kwa masikio tu watu watashindwa kututofautisha. Anyesi ametutofautisha.

Basi niliporudi nikafungua ile remix niliyowaahidi nikaiacha nusu. Nikaanza kupunguza mwendo wa wimbo mzima. Nikapunguza tena. Kabla ya jina lake ngoma nikaisimamisha, nikaacha besi peke yake, anavuta pumzi yake yote inasikika, anasema "Anyesi nimefika" na mkatiko wake, ndipo ngoma inarudi. Kwa mwendo huu si house tena, sijui ni nini. Klabu ya Lusaka wangenirushia chupa.

Nimemtumia yeye peke yake, siyo kundi. Na ujumbe wa sauti: "Shangazi, unachelewa na sauti inakatika, ndiyo maana nilikutoa. Nilikosea mimi. Sasa ngoma inakusubiri."

Halafu ndiyo nikaanza kufagia. Nimetoka nje kuangalia bati la jirani, nimerudi, nimeangalia simu. Ameusikiliza. Hajajibu. Neema ananiuliza kila mara na mimi simjibu, kwa hiyo ukoo mzima umeshikwa na ugonjwa mmoja.

Sasa hivi, wakati naandika, jibu limeingia. Sauti ile ile, pumzi kwanza:

"Hapo baada yangu Suzana anaingia mbio, ananikanyaga. Msogeze mbele kidogo."

Basi. Hakuna samahani, hakuna nakuja. Neema nimemtumia, anasema hilo ndilo jibu, anacheka na kulia pamoja. Mimi siamini mpaka nimwone mlangoni. Dub nitaipiga akishaingia, akishakaa, akishakula.

Ngoja nimsogeze Suzana.