Kijarida cha Gladness Kilichotupwa Pipani

Baba Gladness,

Wali uko kwenye sufuria, maharage upashe mwenyewe. Meza usiiguse! Gundi haijakauka, na majani mekundu tuliyookota bado nimeyabana chini ya Biblia yako.

~~Tutarudi mapema.~~ Tutarudi tukimaliza. Mimi na Gladness tumekwenda maktaba ya Spånga kubadilishana vijarida na wenzetu wanaovitengeneza kwa mkono.

Kwa kutenganisha takataka, hapa Akalla hakuna Mswidi anayekufikia. Lakini asubuhi umezoa vijarida vyetu vyote ukavipeleka kwenye pipa la karatasi, hata kimoja hukukifungua, ukasema: "Mtu mzima mzima kuchezea makaratasi!" Haya. Huyo mtu mzima ameinama ndani ya pipa, miguu juu, jirani anamtazama, akavitoa vyote. Na nitakata na kubandika vuli nzima, upende usipende.

Kimoja hakikuwa changu. Gladness amekiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, habari za bibi yake wa Bukoba. Gladness huyuhuyu ambaye kila tukimsemesha anatujibu Kiswidi! Ulipofika mlangoni na mfuko, alikupigia kelele: "Baba, hicho changu, rudisha!" Kwa Kiswahili, umesikia? Na wewe ukamjibu kwa Kiswidi, kama karani wa ofisini, kwamba karatasi ni karatasi.

Nakala yako iko juu ya friji. Isome kwa sauti, ujizoeze. Jioni mwenyewe atakuuliza maswali, na ole wako ukimjibu Kiswidi.

Mama Gladness