Ati Wageni Wanapumua Sana

Katee rafiki yangu, Wanyoike akiwa fundi wa kompyuta, mimi ni askofu!

Leo kamati ya harusi ya Phylis wangu ilijaa kwangu Kitengela tuandike kadi. Kompyuta ikazima mara tatu. Wanyoike akasema, "Mama Phylis, hawa watu wanapumua sana, mashine inashika joto. Watoe nje."

Kupumua!

Na mimi mjinga nikawatoa kwa jua, hata mama mkwe wa Phylis.

Ikazima tena.

Gathoni wa saiba, lile duka la intaneti, akakuja, akafungua mashine, akachomoa vijiti viwili vya memori, akavijaribu kimoja kimoja. Kimoja kinazima mashine, kingine hakina shida. Dakika kumi tu!

Kadi ziko tayari. Mama mkwe amerudi Kajiado na hashiki simu.

Nimwambie alifukuzwa kwa kupumua?