Tungo za Vibao Vyeusi

Kyebando, Kampala
2 Juni 2024

Baba Ochan,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na Mama Rosalba. Goti linaendeleaje? Huku hatujambo. Adoch anakula, anakwenda shule, ametimiza miaka saba na jino la mbele limeng'oka.

Nakutumia karatasi hizi kwa basi kwa sababu najua hutaki kusoma noti kwenye simu. Ni tungo za piano nilizowaandikia watoto wanaoanza, hawa ninaowafundisha hapa sebuleni. Vitabu vya dukani vimejaa theluji, na mtoto wa Kyebando theluji ataijulia wapi? Basi nimeandika "Nyanya za Kalerwe", "Mbuzi Kaingia Darasani" na "Mvua ya Saa Tisa". Zote zinachezwa kwenye vibao vyeusi tu. Vyeusi havigombani, mtoto abonyeze vyovyote viwili, vitapatana. Hakuna anayekosea.

Kusema kweli nilimwandikia Adoch. Tangu msiba wa Februari hajagusa piano. Baba yake, Kidega, akiwa likizo kutoka jeshini alikuwa anakaa kushoto kwake, anabonyeza noti mbili za chini kwa kidole alichokiita cha bunduki, Adoch akicheza juu. Sasa anaipita tu. Halii, hasumbui.

Mimi nami silii. Nalala, naamka, nafundisha. Niko kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Watu wananisifu kwamba nimejikaza, nami nawashukuru.

Mkazamwanao,
Mama Adoch


Awach, Gulu
19 Juni 2024

Mama Adoch, mwanangu,

Salamu tumezipokea, nasi twakurudishia kwa mikono miwili. Goti langu ni la polisi mstaafu, linauma kwa zamu. Mama Rosalba anauliza kama unakula au unapika tu.

Nilitoa tarumbeta kabatini. Mwanangu, flati sita, alama sita za kushusha noti! Miaka yote niliyopuliza kwenye bendi ya polisi hakuna ofisa aliyenionea hivyo. "Nyanya za Kalerwe" nimeipuliza mpaka kuku wakahama. Ni tamu. Labda imezidi utamu, lakini wewe ndiye mwalimu.

Sasa neno lenyewe. Tangu lile lori la jeshi lipinduke na mwanangu ndani, ukoo haukuwa umekaa pamoja. Sasa umekaa. Guru lyel ya Kidega itakuwa Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Ninyi wa Bungoma mna desturi zenu, kwa hiyo nikueleze yetu. Ni karamu ya kumaliza msiba. Siku hiyo mjane husimama mbele ya watu akasema kwa kinywa chake anataka nini: abaki mke wa boma hili, arudi kwao au aishi kivyake, na mtoto akae wapi. Hakuna atakayekulazimisha. Lakini mjane asipokuja, au akija akanyamaza, wengine humsemea. Oryem, kaka yake Kidega, ameshasema Adoch alelewe kwake hapa Awach. Watu wanamsikiliza Oryem. Njoo useme.

Baba yako,
Ochan


Kyebando
25 Agosti 2024

Baba,

Natumaini mu wazima na mavuno yanakwenda vizuri. Sisi tupo. Unisamehe kwa kuchelewa kujibu.

Barua hii inaletwa na Adoch mwenyewe, pamoja na shangazi yake Akot aliyepata ruhusa kazini. Atakaa kwenu mpaka shule ifunguliwe. Kwenye begi lake nimeweka tungo nyingine, vyeusi vilevile. Princesse, yule Mkongo wa nyumba ya tatu, anazicheza huku anatazama dirishani. Mama yake Dawudi alinisimamisha njiani: "Eh, Tiicha, mtoto yangu iko kwa nyeusi tu mpaka lini? Hiyo nyeupe ni ya nani?" Nilicheka, kisha nikakaa kuandika nyingine nyeupe nikajikuta nimerudi kulekule.

Adoch sasa anakaa chini ya piano akifanya kazi za shule. Hachezi.

Kuhusu Desemba, nimesoma. Oryem ni mtu mzuri, ana nyumba kubwa na watoto wa rika la Adoch. Sina la kuongeza.

Mkazamwanao,
Mama Adoch


Awach
12 Septemba 2024

Mama Adoch,

Mtoto anarudi mzima, na unene alioongeza ni kazi ya Mama Rosalba. Salamu nyingine nitaziacha, nimekasirika.

"Oryem ni mtu mzuri." Nilikuuliza habari za Oryem? Mtoto ni wako, nawe unaandika kana kwamba unagawa kuku.

Sikiliza. Kanisani kwetu kuna kinanda cha zamani cha kukanyaga. Nilimpeleka Adoch, nikakanyaga mimi kwa goti hilihili kwa sababu miguu yake haifiki. Cheusi hakugusa hata kimoja. Alitafuta vile vyeupe viwili vinavyobanana, mi na fa, akavibonyeza pamoja, akavishikilia. Unajua vinavyokwaruzana. Katekista akaja mbio: "Wewe mtoto, unaharibu kitu ya kanisa!" Adoch hakuachia. Akaniambia, "Babu, nyimbo ya Mama haina mahali ya kukosea. Mimi nataka hii."

Tulipotoka akaniuliza, na naandika alivyosema: "Babu, Mama anajua Baba alikufa?"

Nikamwambia anajua, alikuwepo kaburini. Akasema, "Watu walikuwa wanalia. Mama alikuwa anauliza wageni kama wamekula."

Swali ni lako, nakuletea.

Baba yako,
Ochan


Kyebando
17 Novemba 2024

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mvua haikuharibu simsim? Adoch amekuwa na mafua, yamepita.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kufundisha. Sikuandika tungo tena kwa muda mrefu. Kisha wiki iliyopita niliandika moja, ya vibao vyeupe, nakala yake imo humu. Ni nyepesi, vidole vitano na mkono hausogei. Lakini katikati mi na fa zinapigwa pamoja, na juu yake nimeweka alama ya kushikilia, mtoto abaki hapo mpaka atosheke mwenyewe. Niliifuta mara nyingi. Kila nikiandika fa, mkono uliirekebisha ikawa sol inayopatana na mi, bila kuniuliza.

Niliiacha juu ya piano bila jina. Adoch alirudi kutoka shuleni akaitazama, begi likiwa bado mgongoni. "Mama, hapa umekosea?" Nikamwambia hapana, ni hivyo hivyo. Akakaa. Alicheza, Baba, kwa mara ya kwanza hapa nyumbani tangu msiba. Alipofika pale akashikilia, akawa ananitazama usoni. Nilijua anatafuta kitu, na mimi sikuwa nacho. Nikasema, "Vizuri sana," kama ninavyomwambia Dawudi. Akafunga piano.

Sasa naogopa. Ni kitu cha kwanza ninachohisi tangu Februari, na ni hofu tupu: kwamba wataamua mtoto abaki huko nami nitakuwa nimesimama pale nawauliza kama wamekula. Nitakuja. Lakini Kiacholi changu kinaishia kwenye salamu. Nisemeje?

Mkazamwanao,
Mama Adoch


Awach
26 Novemba 2024

Mwanangu,

Sisi wazima, goti ni lilelile, simsim imepona.

Sema Kiswahili. Nusu ya ukoo huu ni askari, wamekila Kiswahili kambini pamoja na posho na maharage. Waliobaki nitawatafsiria mimi. Usiandike hotuba, Oryem akisomewa hotuba husinzia.

Tungo yako tumeipiga. Tarumbeta haitoi noti mbili kwa pamoja, basi mi aliimba Mama Rosalba, nami nikapuliza fa. Tulikaa pale mpaka pumzi ikaniishia. Yeye akaingia jikoni na hakutoka mapema.

Njoo na mtoto.

Baba yako,
Ochan


Kyebando
20 Desemba 2024

Baba,

Tumefika salama, na kuku wa Mama amefika salama pia, anatembea uani kama mwenye nyumba. Asanteni kwa kutupokea.

Ya watu sitakusimulia, ulikuwepo. Nakuandikia ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa umewageukia wazee.

Nilikuwa nimejipanga kusema kwamba Adoch atakaa nami Kyebando, na likizo zote ni zenu. Hayo tu. Niliposimama, kilichotoka kinywani ni, "Kidega amekufa." Sikuwa nimewahi kulitamka, hata kwako sijawahi kuliandika. Ulipokuwa unalitafsiri nikalirudia mwenyewe: "Mume wangu amekufa." Ndipo lile la mtoto likafuata, na Oryem akaitikia kwa kichwa. Mungu ambariki, nilimdhania vibaya.

Mlipokuwa mnaendelea kujadiliana, Adoch aliuacha mkono wa Akot akaja kunikalia mapajani mbele ya watu wote. Akaniambia sikioni, "Kumbe unajua." Nikamwambia najua.

Basi akalia. Alilia mpaka akatapika uji wa asubuhi kwenye gauni langu, mtoto ambaye tangu mazishi hatukuliona chozi lake. Mimi sikulia, bado sijaweza. Nilimshika tu. Siku zote hizo nilidhani namkinga asiumie, na yeye alikuwa ananingoja mimi nitangulie kulitamka.

Mkazamwanao,
Loice, mjane wa Kidega