Pazia Lililopungua Vidole Vinne

Tarehe 30 Mei
Ya kusomwa mbele ya ukoo, sebuleni kwangu

Mjomba, mkubwa wetu kwa umri na kwa kauli, shangazi zangu wawili, mliosafiri kutwa nzima bila kugombana, jambo ambalo nalo ni rambirambi, wakwe zangu, mlionipa binti yenu na leo mmekuja kuketi na kivuli chake, wanangu, na ninyi wajukuu mlio sakafuni: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Mmekusanyika mkitarajia niwashukuru kwa barua zenu za pole. Shukrani zipo, na uamuzi upo. Lakini sauti yangu siku hizi huondoka katikati ya sentensi bila kuaga, kwa hiyo nimemwomba mdogo wangu, dobi, awasomee. Kwanza msikilize barua nne tulizoandikiana mimi na yeye tangu alipofariki mke wangu, fundi mapazia. Bila hizo mtadhani uamuzi wangu ni wazimu wa mgane.

*

Tarehe 9 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta una nafuu kadiri ya hali. Sisi huku tu wazima, sabuni na mvuke vinaendelea kutulea.

Kwa majonzi makubwa nakupa pole kwa kuondokewa na wifi yangu. Msiba ni mto usio na daraja. Sisi tuliobaki ng'ambo hii tunakuwashia taa.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili haujambo, mengine usiulize. Habari za huko? Yale magoti yako yanaendeleaje?

Nimepokea barua yako, pamoja na nyingine kumi na tatu. Zote zina mto, na zote zina taa. Usione haya. Miaka yote niliyokuwa mkutubi, nani katika ukoo huu aliwahi kufiwa nikaacha kuandika pole kwa niaba ya kila mtu? Ninyi mlitia sahihi tu, mkaweka nakala. Sasa zamu yangu imefika, mmefungua makabati na kunirudishia mali yangu. Taa kumi na nne, zote zinawaka kwa mafuta yangu!

Mjomba amewapita wote. Amenakili barua niliyokuandikia wewe kwa niaba yake ulipofiwa, neno kwa neno. Ananipa pole kwa kuondokewa na mume wangu, mwanamume mchapakazi, na kunisihi niwe mama imara. Nilicheka hadi miwani ikaanguka. Nikageuka upande wa cherehani nimsomee wifi yako na yeye acheke. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

Tangu siku hiyo naishi kama mtu aliyelala chini ya maji, siku zinapita kwa juu nami naona mwanga wake tu. Huja ndotoni na utepe wa kupimia shingoni. Anapima upana wa usingizi wangu, anaandika kwa chaki ukutani; nikiamka, ukuta ni mweupe. Na kuamka kwenyewe si kwa hiari. Pazia la chumbani, la mwisho aliloshona akiugua, limepungua vidole vinne. Mkono ulikuwa umekwisha kumchoka, maskini, naye hakuwahi kukosea kipimo maisha yake yote. Kila asubuhi jua linapenya kwa chini na kunikanyaga miguu. Nimemwita fundi aliyekuwa msaidizi wake aje Jumamosi, tarehe 27, aliongeze kitambaa.

Nakuomba jambo moja. Niambie kitu kimoja kumhusu ambacho sikijui. Nikikikosa, nahofia atakwisha, nibaki na maneno yangu.

Kaka yako

*

Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Wote hapo hamjambo? Hujawahi kuchelewesha hata foronya ya mteja, leo unanichelewesha mimi? Mstari mmoja tu.

Kaka yako

*

Tarehe 21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Magoti yangu yanalalamika, lakini yananibeba. Nisamehe kimya. Nimeandika na kuchana mara nane, maana kila nikianza, mto wako unapita katikati. Sasa naandika ninavyosema.

Kila mwisho wa mwezi wifi alikuaga kwamba anakuja huku kununua vitambaa. Alinunua, ndiyo, kwa nusu saa. Kutwa nzima iliyobaki alikuwa dukani kwangu. Alikuja na mapazia kwenye mfuko. Nikamwambia, "Wifi, haya mbona safi?" Akasema, "Yafue tu, nautaka mlio wa mashine." Akakaa kwenye benchi, mvuke ukamzunguka, akasinzia kama mtoto. Siku moja nikamtania, "Kwako huna kitanda?" Akajibu bila kufumbua macho: "Kitanda ninacho, na mume ninaye, tena msemaji. Nyumbani kwa kaka yako hata kimya kinatolewa maelezo." Tulicheka hadi wateja wakageuka. Usikasirike. Jioni alikuwa wa kwanza kituoni, akihofia basi lisije likamwacha nawe ukalala njaa.

La pili ndilo lililonifanya nichane karatasi.

Mume wangu alipofariki, barua yako ilikuwa nzuri kuliko zote. Niliisoma mara moja, nikaiweka. Wifi alikuja siku ya kumi. Hakusema hata pole. Alinikuta nimejifunika, siamki, siogi, sitaki mtu. Akashusha pazia la chumba changu, akakaa sakafuni na mkasi wake, akapunguza, akashona upindo, akalitundika. Nikamwambia, "Umekosea, limekuwa fupi." Akasema, "Jua litakuja kukugusa miguu. Usipoamka kwa ajili ya watu, utaamka kwa ajili ya joto."

Miaka tisa sasa naamka hivyo. Leo, kabla ya kukuandikia, nimelipima.

Vidole vinne.

Kaka, mwambie fundi asije.

Mdogo wako, wifi yake

*

Mjomba, shangazi, wakwe, wanangu: barua ya tano haipo. Niliipokea hiyo ya nne siku ya Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi niliamka nikabaki nimefumba macho, nikingoja. Jua likaingia chini ya upindo, likatambaa juu ya zulia kama mtu aliyevua viatu asiamshe nyumba, likafika kwenye vidole vya miguu yangu, likakaa hapo. Sikuwa na neno. Wala sikulitafuta. Jumamosi fundi alikuja. Nilimpa chai, akarudi na kitambaa chake.

Sasa uamuzi.

Kuanzia leo sitaandika tena barua ya pole kwa niaba ya mtu yeyote. Na kabla chakula hakijapakuliwa, kila mmoja wenu ataingia chumbani peke yake, atalitazama pazia, kisha ataketi kwenye meza ya marehemu ya kukatia vitambaa, ambako nimeweka karatasi, aandike jambo moja tu alilomwona mke wangu akilifanya. Liwe dogo, liwe la kuchekesha, liwe hata la kunisema mimi. Mito na taa ni marufuku. Shangazi, hakuna kuchunguliana. Wajukuu mnaweza kuchora. Mlango wa mbele umefungwa, na ufunguo anao dobi, ambaye mnajua hahongeki.

Mjomba, kwa kuwa ulitajwa wa kwanza, utaanza wewe. Kalamu ina wino wa kutosha.

Aliyefariki ni mke wangu.

Mpwa wako